Picha ya kwanza ya mgonjwa isipotee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nieleze jambo ambalo mimi mwenyewe, niliyepiga picha za eksirei na baadaye za CT-Scan, zile zinazoonyesha ndani ya mwili kipande kwa kipande, kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, sikuliona kuwa zito mpaka liliponifika nyumbani. Jambo lenyewe ni mgonjwa kupigwa picha, kupewa karatasi ya majibu, kisha picha yenyewe ikapotea kabla matibabu hayajaanza.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni mkulima wa kahawa na ndizi huko Uru, nje kidogo ya mji wa Moshi. Mwaka juzi alianza kuumwa tumbo kila anapomaliza kula, akaharisha, akapungua mpaka mkanda wake ukatobolewa matundu mapya mara mbili. Miezi mitatu ya kwanza alimeza dawa za vidonda vya tumbo. Akapigwa altrasaundi, majibu yakasema kwamba ini, nyongo na figo ni salama na kwamba utumbo umejaa gesi. Hali ilipozidi alipelekwa kupigwa CT-Scan katika kituo kimoja ambacho sitakitaja, na ripoti ikaeleza kuwa sehemu ya utumbo mwembamba ina ukuta mnene, kwamba mitoki iliyo karibu nayo imevimba, na kwamba yaelekea ni kifua kikuu cha tumbo. Akaanzishiwa dawa za TB. Wiki ya saba, usiku, utumbo ulitoboka. Alipasuliwa kwa dharura, kipande kilichokatwa kikapelekwa maabara ya patholojia, na ndipo tulipoambiwa kwamba ana limfoma ya utumbo inayotokana na seli T, ambazo ni aina mojawapo ya seli za kinga ya mwili.

Wengi wetu Afrika Mashariki tukisikia limfoma, yaani saratani ya mitoki, hukumbuka uvimbe wa taya wa watoto ambao daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliuandikia mwaka 1958 alipokuwa Mulago, Kampala. Huu wa shemeji ni mwingine kabisa. Huanzia ndani ya ukuta wa utumbo, kwenye seli za kinga zilizopaswa kuulinda, na ni nadra kiasi kwamba limfoma za kundi hili hazifiki asilimia 5 ya limfoma zote za njia ya chakula. Aina zinazotajwa zaidi ni mbili. Ya kwanza huwapata watu wenye seliaki, ugonjwa unaoufanya utumbo uikatae ngano, na imeonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini. Ya pili, ambayo ndiyo ya shemeji, haina uhusiano na ugonjwa huo wa ngano, imeripotiwa sana kutoka Asia, na Shirika la Afya Duniani liliitenga na ile ya kwanza katika orodha yake ya mwaka 2016. Nalitaja hili kwa kuwa pale kijijini walikuwepo waliomlaumu mgonjwa kwa mbege, pombe yetu ya ndizi, na wengine waliomkataza chapati, na yeye, akiwa dhaifu wa mwili, akabeba pia mzigo wa kujitetea.

Ugonjwa huu hupata mahali pazuri pa kujificha. Utumbo mwembamba una urefu wa takriban mita 6. Mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni huishia mwanzoni mwake, na ule unaopitishwa njia ya haja kubwa huchungulia kipande kifupi tu cha mwisho wake, kwa hiyo mita kadhaa za katikati hubaki bila kuonwa na jicho la daktari. Ipo kamera ya kumeza, yenye umbo la kidonge, iliyoanza kuruhusiwa mwaka 2001, lakini si kifaa cha kukutwa katika hospitali ya wilaya, na palipo na mbano inaweza kukwama humo humo. Kwa mgonjwa wa kawaida wa Uru, Rombo au Monduli, dirisha la kutazama katikati ya utumbo ni picha.

Picha nzuri ya utumbo haiji kwa kubonyeza kitufe. Utumbo uliojikunja bila kitu ndani yake huonekana mnene hata kama ni mzima, ndiyo maana mgonjwa hunyweshwa maji mengi au dawa maalumu kabla ya kulazwa kwenye mashine, ili kuta zitanuke. Ukuta uliotanuka vizuri hauzidi milimita 3. Kisha hupigwa dawa ya kung'arisha picha kwenye mshipa, baada ya figo zake kupimwa, na picha huchukuliwa dakika moja hivi baadaye, wakati dawa imefika kwenye ukuta wa utumbo na kwenye ini. Anayeharakisha, au anayeacha dawa hiyo ili foleni ipungue, hutoa picha ambayo hata daktari bingwa wa radiolojia mwenye macho ya tai hawezi kuisoma kwa uhakika.

Picha ikiwa nzuri, limfoma ina tabia zake. Saratani nyingine za utumbo huikaza njia ya chakula mpaka ikaziba, lakini limfoma mara nyingi hufanya kinyume: huvamia misuli na neva za ukuta, ukuta ukalegea kama mpira wa baiskeli uliochoka, na njia ikapanuka pale pale penye ugonjwa. Kifua kikuu, kwa upande wake, hupenda pale utumbo mwembamba unapoungana na ule mpana, huacha makovu yanayobana na kuvuta, na mitoki yake mara nyingi huwa na kiini kilichooza ambacho kwenye CT huonekana cheusi kuliko pembeni. Nasema mara nyingi, si mara zote. Limfoma ya seli T hasa huweza kuonyesha unene wa wastani tu, pamoja na vidonda katika sehemu mbili au tatu zilizo mbalimbali, na kwa sura hiyo hata mtu aliyeona picha elfu anaweza kuiita TB.

Kwa sababu hiyo simlaumu aliyeandika TB kwenye ripoti ya shemeji. Katika nchi yenye kifua kikuu kingi kama yetu, dhana hiyo haikuwa ya kipuuzi. Ninacholalamikia ni kwamba neno "yaelekea" lilisomwa kama neno "ni". Picha haitaji jina la ugonjwa. Inaonyesha mahali ulipo, ukubwa wake, na njia iliyo salama ya kuufikia kwa sindano au kwa kisu ili kinyama kichukuliwe, kikatwe, kitiwe rangi na kutazamwa kwa darubini. Maabara ndiyo inayotofautisha seli T na seli B, aina nyingine ya seli za kinga, na ndiyo inayotafuta zile alama za CD8 na CD56 ambazo limfoma ya shemeji ilikuwa nazo. Mtoki uliovimba tumboni unaweza kuchomwa sindano kwa kuongozwa na altrasaundi, kazi ambayo nimeisaidia mara nyingi na ambayo katika mikono iliyozoea huchukua muda mfupi kuliko safari ya daladala kutoka Uru hadi mjini. Pale ambapo kinyama hakipatikani na daktari anaamua kuanza dawa za TB kwa dhana, basi hapo hapo iandikwe tarehe ya kurudia picha, ili dhana hiyo ipimwe kwa macho. Kwa shemeji tarehe hiyo haikuandikwa popote.

Nikiri na upande wetu. Fomu za kuomba picha nilizopokea miaka yote hiyo zilikuwa na maneno mawili au matatu: "maumivu ya tumbo". Sikumbuki kama niliwahi kuirudisha hata moja kwa daktari nikamwomba aongeze ni muda gani mgonjwa ameumwa, amepungua kilo ngapi, ana VVU au hana, aliwahi kutibiwa TB, aliwahi kupasuliwa. Foleni ilikuwa ndefu, nami nilipiga nilichoandikiwa. Msomaji wa picha asiyepewa habari hizo hufanya kama fundi aliyeambiwa gari "linasumbua" bila kuambiwa linasumbuaje.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Baada ya upasuaji shemeji alipewa rufaa kwenda kwenye kliniki ya saratani, na swali la kwanza la daktari lilikuwa: iko wapi CT ya kabla ya kupasuliwa? Alitaka kujua ni sehemu ngapi za utumbo zilizokuwa na ugonjwa, kwa sababu aliyepasua alikata ile iliyotoboka tu, na kujua mitoki ilikuwa na ukubwa gani kabla dawa yoyote haijaigusa. Tukatoa filamu. Zilikuwa zimehifadhiwa kwa heshima zote, zimefungwa ndani ya khanga, juu ya dari la jiko ambako familia huweka mbegu na vitu vya thamani visiliwe na wadudu. Filamu za siku hizi hazioshwi kwa dawa kwenye chumba cha giza kama zile tulizoanza nazo. Huchapwa kwa joto, na joto likiendelea kuzipata huendelea kuwa nyeusi. Zilikuwa nyeusi tii.

Hata zingebaki safi zisingetosha. Kipimo kimoja cha CT ya tumbo hutoa vipande vya picha mamia, na filamu mbili tatu hubeba vichache vilivyochaguliwa, vimepunguzwa mpaka vikawa na ukubwa wa kiberiti. Kipimo kamili hukaa kwenye kompyuta ya mashine au kwenye sidii, na daktari akiwa na sidii anaweza kupitisha vipande vyote kimoja baada ya kingine, kuvigeuza, kupima mtoki kwa milimita. Nilikwenda mwenyewe kituoni kuomba sidii. Nilijibiwa kwa adabu kabisa kwamba mashine ikijaa vipimo vya zamani hufutwa, na kwamba sidii hutolewa kwa anayeiomba siku ile ile. Shemeji hakuiomba kwa sababu hakujua kuwa kipo kitu cha kuomba. Mimi ningejua, lakini siku hiyo sikuwa naye.

Hasara yake ni hii. Maendeleo ya limfoma hupimwa kwa kulinganisha. Utaratibu unaotumiwa na madaktari duniani, uliochapishwa mwaka 2014 na kupewa jina la mji wa Lugano wa Uswisi, unataka mitoki iliyopimwa mwanzoni ipimwe tena ile ile baada ya matibabu, na kwenye CT mtoki wa limfoma uhesabiwe kuwa umerudi hali yake urefu wake usipozidi sentimita 1.5. Mtoki wenye sentimita 2 baada ya dawa una maana moja ikiwa mwanzoni ulikuwa na sentimita 5, na maana nyingine kabisa ikiwa mwanzoni ulikuwa na sentimita 2 zile zile. Asiye na picha ya kwanza hana jibu, na kwa ugonjwa huu, ambao kwa wagonjwa wengi maisha baada ya kugunduliwa huhesabiwa kwa miezi kuliko kwa miaka, kukosa jibu kunaweza kumaanisha kuendelea na dawa zisizofaa au kuacha zinazofaa.

Kipo kipimo kinachoona zaidi ya ukubwa, nacho ni PET-CT. Mgonjwa hupigwa sindano ya sukari iliyofungwa kwenye florini yenye mionzi. Seli za saratani, kwa kuwa zina njaa kuliko jirani zake, huimeza kwa wingi na kuwaka kwenye picha. Mng'ao huo hupewa alama 1 hadi 5 kwa kulinganishwa na ule wa damu katikati ya kifua na ule wa ini, kwa kipimo kilichokubaliwa katika mkutano wa Deauville, Ufaransa, mwaka 2009. Alama 1 hadi 3 kwa kawaida huchukuliwa kuwa ugonjwa umezimika, hata kama uvimbe umeacha kovu linaloonekana kwenye CT. Utumbo ni mahali pagumu kwa kipimo hiki, maana hung'aa kidogo hata ukiwa mzima, na hung'aa sana kwa mgonjwa wa kisukari anayemeza metformini, ambaye kwa kawaida huombwa aisimamishe siku mbili kabla kwa ushauri wa daktari wake. Na TB nayo huwaka. Kwa hiyo hata mashine hii ya gharama kubwa haituondolei haja ya kinyama.

Wapo wanaouliza kwa nini Moshi au Arusha tusiagizishe dawa hiyo ya PET kutoka Nairobi, ambako hospitali ya Aga Khan ina mashine ya kuitengeneza. Florini hiyo hupungua nusu kila baada ya dakika 110. Gari likitoka Nairobi, likapita Namanga na kufika Arusha baada ya saa 4, hubaki chini ya robo ya kilichopakiwa, kabla hata mgonjwa wa kwanza hajalala kitandani. Hivyo mgonjwa ndiye anayeifuata dawa, ama Nairobi ama Dar es Salaam, na kwa familia nyingi za huku nauli, malazi na kipimo chenyewe ni sawa na kuuza ng'ombe. Wengi wetu tutaendelea kufuatiliwa kwa CT, na anayefuatiliwa kwa CT ndiye anayeihitaji kuliko wote picha yake ya kwanza.

Nisisahau eksirei ya kawaida, ambayo siku hizi hudharauliwa. Limfoma ya ukuta wa utumbo inapoanza kufa kwa nguvu ya dawa, panaweza kubaki tundu, na wiki za mwanzo za matibabu ndizo za kuogopewa. Mgonjwa akipatwa na maumivu makali ya ghafla, eksirei ya kifua akiwa amesimama huonyesha hewa iliyovuja chini ya kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo, na hospitali ya wilaya inaweza kuipiga saa nane za usiku. Lakini asimame kweli, au aketishwe wima dakika chache kabla ya kupigwa, ili hewa ipande. Asiyeweza alazwe ubavu wa kushoto. Nimeona picha zilizopigwa mgonjwa akiwa chali zikaandikwa "hakuna hewa", na asubuhi tumbo likawa gumu kama ubao.

Sidai kwamba watu wapigwe CT kila mwezi. CT moja ya tumbo humpa mgonjwa mionzi ya kiasi cha milisiva 10, ambayo ni kama ile ambayo binadamu wa kawaida huipata kutoka ardhini, angani na kwenye chakula kwa miaka 4. Tume ya Nguvu za Atomiki, yenye maabara zake pale Njiro, Arusha, inasimamia matumizi ya mionzi hiyo kwa sheria ya mwaka 2003, na inafanya vyema kutukumbusha. Kipimo kilichopotea ndicho kinachoongeza mionzi bure, kwa sababu kinarudiwa.

Ninayoyaomba hayahitaji mashine mpya. Kila anayepigwa CT au MRI apewe sidii na nakala ya ripoti bila kuomba, kama anavyopewa risiti. Vituo visifute kipimo cha mgonjwa ambaye ripoti yake imetaja uvimbe au mitoki mpaka mwaka upite, na vile vyenye mtandao wa kutuma picha vizitume hospitali ya rufaa siku ile ile rufaa inapoandikwa. Kutoka hospitali ya Mount Meru, Arusha, hadi hospitali ya rufaa ya KCMC hapa Moshi ni kilomita 80 tu kwa barabara, na kwa waya hazipo kabisa. Bima zilipie picha ya kabla ya matibabu, ya katikati na ya mwisho kama sehemu moja ya tiba, badala ya kumtaka mgonjwa aombe kibali kipya kila safari. Na madaktari wenzetu wanaojaza fomu watuongezee mistari miwili.

KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, na mwaka ule ule, mwezi Oktoba, mgonjwa wa kwanza duniani alipigwa CT ya kichwa huko London kwa mashine ya Godfrey Hounsfield. Mwenzake aliyegawana naye Tuzo ya Nobel ya mwaka 1979, Allan Cormack, alizaliwa Johannesburg, na hesabu zake alianza kuzifikiria akiwa Cape Town. Nikiwa kazini nilipenda kuwasimulia hayo vijana wa mafunzo, ili wajue kwamba kifaa kile hakikutoka ugenini kitupu. Sikuwahi kuwaambia wampe mgonjwa sidii.

Shemeji amemaliza mizunguko sita ya dawa za saratani, kila mmoja wa siku 21, na anakula ndizi bila kushika tumbo. Picha ya kumalizia tiba ni mwezi ujao. Itabidi ilinganishwe na CT iliyopigwa baada ya upasuaji, ambayo si ya kwanza lakini ndiyo tuliyo nayo; sidii yake anayo mke wake ndani ya kopo la maziwa ya unga, mbali na jiko, na nakala ninayo mimi.

Ni mimi msomaji wako,
Mtaalamu wa mionzi mstaafu,
Soweto, Moshi.